Tarehe ya Herufi za Chapa katika Nchi ya Japani

Mtu aliyekabidhiwa kazi ya kuchagua sura ya herufi kwa ajili ya kitabu, bango au karatasi ya kufungia bidhaa itakayosomwa na Wajapani, aghalabu huanza kwa kuzikagua kanji, zile herufi nzito zilizotoka Uchina, kwa kuwa ndizo zinazolivuta jicho la mgeni na ndizo zilizo nyingi kupita kiasi. Na hapo hapo shauri lake huanza kwenda upande, maana kanji za sura mbili zilizo katika jamii moja hazipishani sana, ilhali tabia ya ukurasa mzima, upole wake au ukali wake, ukale wake au upya wake, huletwa na kana, herufi nyepesi zilizobuniwa Japani kwenyewe, ambazo katika maandishi ya kawaida huchukua zaidi ya nusu ya nafasi zote. Wachapaji wa zamani wa Nagasaki na Tokyo walilijua jambo hili kwa tajriba ya mikono yao, na tarehe ya kazi yao, ikifuatwa kwa taratibu, ndiyo inayobainisha kwa nini kanji zilipatikana zikiwa tayari lakini kana zikawachosha watu kwa vizazi kadhaa.

Asili ya mambo ni kwamba Wajapani wa kale hawakuwa na maandishi yao wenyewe, wakazipokea kanji kutoka Uchina kwa njia ya Korea, pamoja na vitabu vya Konfusio na vya dini ya Kibudha, na kwa karne kadhaa wakajitahidi kuiandika lugha yao kwa herufi za lugha isiyo na nasaba nayo hata kidogo. Katika karne ya 9 walikwisha kujifungulia njia mbili. Waandishi, kwa kuandika kanji upesi upesi na kuzilainisha, walipata hiragana, iliyopendwa sana na wanawake wa ikulu ya Kyoto, na ndiyo aliyoitumia Bibi Murasaki Shikibu mwanzoni mwa karne ya 11 alipoitunga hadithi ndefu ya mwana wa mfalme Genji. Na watawa wa Kibudha, walipokuwa wakitia alama za kusomea kando ya mistari ya vitabu vyao, walichukua vipande vya kanji na kupata katakana, herufi kavu zenye pembe.

Kanji hukaa kila moja ndani ya mraba wake bila kumgusa jirani yake, iwe ina mkwaju mmoja au ishirini. Hiragana ilizaliwa chini ya brashi itembeayo kutoka juu kwenda chini, ambayo haiinuliwi ila baada ya herufi mbili tatu, na kila herufi ina kimo chake: ile ya sauti ya «shi» ni ndefu nyembamba, ile ya «he» ni pana iliyolala. Kuiambia herufi ya namna hiyo iingie katika kipande cha risasi kilichokatwa mraba, ikae peke yake, ni kuitaka iache mwendo wake wa asili. Msomaji wa mwambao wetu aliyezoea kuusoma msahafu kwa khati ya naskhi, kisha akapokea hati ya biashara iliyoandikwa mbio mbio kwa rukaa, hahitaji kuelezwa mengi kuhusu tofauti baina ya herufi iliyosimama kwa heshima na herufi inayokimbia. Kwa Wajapani lakini mambo yalikuwa mazito zaidi, kwa sababu hizo mbili walitakiwa wazipange katika mstari mmoja.

Kupiga chapa kwenyewe hakukuwa jambo geni kwao. Baina ya mwaka 764 na 770 Malkia Shotoku aliamuru vitengenezwe vihekalu vya mbao milioni moja, vidogo vya kubebeka mkononi, na ndani ya kila kimoja ikatiwa karatasi yenye dua ya Kibudha iliyopigwa chapa; maelfu ya vihekalu hivyo yamehifadhiwa hadi leo katika hekalu la Horyuji. Karatasi hizo zilikuwa za baraka, za kusitiriwa gizani, wala hakuna aliyetarajiwa kuzisoma. Herufi za kupangwa moja moja na kupanguliwa ziliingia nchini kwa milango miwili, karibu wakati mmoja, mwishoni mwa karne ya 16.

Mlango mmoja ulikuwa wa vita, pale majeshi ya Toyotomi Hideyoshi yalipoivamia Korea mwaka 1592 na kurejea na herufi za chapa miongoni mwa nyara zao, hata Tokugawa Ieyasu, aliyeitawala Japani baadaye, akafanyiwa herufi za mbao na kisha za shaba. Mlango wa pili unatuhusu kwa karibu zaidi. Mwaka 1582 vijana wanne wa Kijapani waliondoka Nagasaki, kwa mpango wa padri Alessandro Valignano wa shirika la Wajesuiti, wakaenda Ureno, Hispania na Roma. Na waliposafiri kurudi kwao kutoka Lisbon mwaka 1586, katika mizigo yao palikuwa na mtambo wa kupiga chapa. Pepo ziliwageukia, na chombo chao kikalazimika kungoja msimu kwa miezi kadhaa katika kisiwa cha Msumbiji, kisiwa kilichokuwa cha masheikh na wafanyabiashara wa Kiswahili kabla Wareno hawajakitwaa, kisha ndipo wakavuka kwenda Goa. Hivyo mtambo ule uliokuwa ukienda kufanya kazi Japani ulilala msimu mzima katika bahari yetu, na hapana chapa yoyote uliyotuachia.

Vijana walifika Nagasaki mwaka 1590. Mapadri walichapa kwanza kwa herufi za Kirumi, wakatoa mwaka 1592 kisa cha vita vya ukoo wa Heike, na mwaka 1593 ngano za Esopo, vyote kwa lugha ya Kijapani. Wakachonga pia kana na kanji, kwa kuwa waliona wazi kwamba Mjapani hakisomi kwa raha kitabu kisicho na herufi zake. Mwaka 1614 walifukuzwa, na mtambo wao ukahamishiwa Macau.

Katika muda huo huo, mahali paitwapo Saga karibu na Kyoto, tajiri mmoja aliyependa elimu, Suminokura Soan, kwa kushirikiana na Hon'ami Koetsu, bingwa wa khati wa zama zake, alitoa vitabu ambavyo mpaka sasa hutajwa kwa sifa kila panapozungumzwa uzuri wa chapa za Japani. Mwaka 1608 walitoa visa vya Ise, kwa herufi za mbao, na kwa kuwa hawakukubali kuikata brashi ya Koetsu vipande vipande, walichonga kana mbili au tatu zilizoshikana katika kipande kimoja, kirefu kadiri ya haja, wakazipiga chapa juu ya karatasi zilizonakshiwa kwa unga wa ulanga. Matokeo yake ni kurasa ambazo asiyeambiwa hudhani zimeandikwa kwa mkono. Gharama yake haikuwa na mwisho, maana kila mshikamano ulidai kipande chake; na kufikia katikati ya karne ya 17 matbaa karibu zote zilikwisha kuziacha herufi za kupangwa na kurudia kuchonga ukurasa mzima katika ubao mmoja. Wako waandishi wanaoliita jambo hilo kurudi nyuma. Mimi siwaafiki: ubao mzima wala herufi za kupangwa hazina fadhila kwa nafsi yake, na watu wale walikuwa na herufi inayotiririka, wakachagua njia isiyoivunja, ambayo kadhalika iliwapa nafasi ya kutia picha na kana ndogo ndogo kando ya kanji, na ubao ukawekwa ghalani kwa chapa ya pili.

Hata hivyo ni katika zama hizo hizo za mbao ndipo ilipoingia sura ya herufi ambayo ingekuja kutawala vitabu vya Japani vyote. Mtawa Tetsugen Doko alikusudia kuchapa mkusanyo mzima wa vitabu vitakatifu vya Kibudha, akazunguka nchi akiomba sadaka, na husimuliwa kwamba mara mbili alizigawa fedha alizokusanya kwa watu waliopatwa na mafuriko na njaa, akaanza upya. Kazi ilifanyika baina ya mwaka 1669 na 1681. Mbao zake za mcheri, takriban 60,000, zimo hadi leo katika hekalu la Manpukuji, mjini Uji. Kielelezo chake kilikuwa chapa ya Uchina ya enzi ya Ming, ambako wachongaji, kwa kutaka kwenda haraka na kugawana kazi baina ya mikono mingi, walikuwa wameuacha mwendo wa brashi na kuugeuza kuwa mistari iliyonyooka: wa kulala ukawa mwembamba, wa kusimama ukawa mnene, na penye mwisho wa ule wa kulala kikabaki kipembe cha pembetatu, ndicho alama ya brashi iliyosita kabla ya kuinuliwa. Wajapani huiita sura hii mincho, kwa jina la enzi ile. Jambo la kuliangalia sana ni kwamba matini ya vitabu vile ni ya Kichina, kanji tupu. Mincho ilifika Japani bila kana.

Tunakuja sasa Nagasaki, katika miaka ya mwanzo ya enzi ya Meiji. Motoki Shozo, aliyezaliwa mwaka 1824, alikuwa wa ukoo wa wakalimani wa Kiholanzi, mtu aliyeshughulikia merikebu, chuma na kila fani ya Magharibi iliyoingia kwa bandari ile, lakini lililomnyima usingizi ni herufi za risasi, ambazo alizijaribu kwa miaka mingi bila kupata za kuridhisha. Kwa njia ya Ulaya kila herufi huchongwa kwanza katika ncha ya chuma cha pua, ikagongwa juu ya shaba, kisha risasi ikamiminwa katika kile kishimo. Kazi hiyo kwa alfabeti ya herufi ishirini na kitu ni ya miezi, lakini kwa maelfu ya kanji ni ya umri mzima. Samuel Dyer, mmisionari Mwingereza, aliianza kwa njia hiyo hiyo huko Penang na Malacca, akafa mwaka 1843 hajaimaliza.

Aliyeufungua mlango alikuwa William Gamble, mzaliwa wa Ireland aliyekuwa msimamizi wa matbaa ya wamisionari Wamarekani wa Presbiteri mjini Shanghai. Yeye alichongesha herufi katika mti mgumu laini, jambo alilolijua kila mchongaji wa Uchina. Herufi ile ikagandamizwa juu ya nta, nta ikapakwa unga mweusi unaopitisha umeme, ikatumbukizwa ndani ya maji yenye shaba iliyoyeyushwa, na umeme ukiisha kupitishwa, shaba ikajijenga polepole juu ya nta mpaka ikawa ngozi ngumu yenye umbo la herufi lililogeuka. Kutokana na ngozi hiyo ndipo ilipopatikana kalibu ya kumiminia risasi. Gamble alihesabu pia, katika vitabu vingi, ni kanji zipi zitumikazo mara kwa mara na zipi za nadra, akapanga masanduku ya herufi kwa hesabu hiyo, zile za kila saa zikakaa karibu na mkono. Mwishoni mwa mwaka 1869 alialikwa Nagasaki, akamfundisha Motoki na wanafunzi wake kwa miezi michache, akaenda zake.

Kanji za mincho, basi, zilikuja kutoka Shanghai zikiwa kamili, katika vimo mbalimbali. Kana hakuna aliyeweza kuwapa. Zilibidi ziandikwe na wana khati wa Kijapani, zikachongwa, zikajaribiwa kando ya kanji, na zilipoonekana nyembamba mno, au zikiyumba, zikachongwa tena. Mwanafunzi wa Motoki, Hirano Tomiji, kijana ambaye baadaye alianzisha pia karakana ya kuunda meli, aliihamishia kazi Tokyo mwaka 1872, na mwaka uliofuata akaitia mtaa wa Tsukiji, na karakana ya Tsukiji kwa muda wa miongo mingi ikawa chemchemi ya herufi za nchi nzima. Gazeti la kwanza la kila siku la Kijapani lilikwisha kutoka mjini Yokohama mnamo Januari 1871, na haja ya herufi ikaongezeka kila mwezi. Mshindani wa karakana ya Tsukiji, matbaa ya Shueisha, iliyoanzishwa mwaka 1876, ilijitengenezea herufi zake, na tangu hapo wajuzi wa mincho huzungumza juu ya mito miwili, wa Tsukiji na wa Shuei. Ukiziweka kurasa zao pamoja, kanji zao zitakuchukua muda kuzitenganisha, lakini kana zitajitangaza mara moja: za Tsukiji zina ulaini wa mkono uliofundishwa khati, na brashi inaonekana pale inapoingia na pale inapotoka, za Shuei zimekaza zaidi, zina uchangamfu. Serikali nayo ilitia mkono wake mwaka 1900, ilipoagiza kwamba shuleni kila sauti iwe na hiragana moja tu, kwani hapo kabla sauti moja ilikuwa na maumbo kadhaa, na wachapaji walikuwa wakiyaweka yote katika masanduku yao.

Kazi ya kuziokota herufi hizo ilikuwa ya kusimama kutwa. Mwokotaji alishika karatasi ya mwandishi na kisanduku kidogo katika mkono wa kushoto, akapita mbele ya marafu yaliyojaa herufi kutoka magotini mpaka juu ya kichwa, na mkono wa kulia ukichukua moja moja bila jicho kukawia. Miyazawa Kenji, katika hadithi yake ya safari ya reli ya angani, amemweka mtoto maskini, Giovanni, akifanya kazi hii baada ya saa za shule, akiziokota kwa kibano herufi ndogo mno, na wakubwa wake wakimcheka.

Si kila herufi ya Japani ilipita Nagasaki. Katika mji wa Edo, ambao ndio Tokyo ya leo, wenye majumba ya michezo ya kabuki walikuwa na khati yao, na mwaka 1779 mwandishi mmoja, Okazakiya Kanroku, aliandika mabango ya jumba la Nakamura kwa herufi nene, za mviringo, zilizojazana zisiache weupe, ili jumba nalo lijae watu wasiache kiti kitupu, na miisho ya mikwaju akaielekeza ndani, ili wateja waingie. Mabango ya wasimulizi wa visa vya kuchekesha yana ndugu ya khati hiyo, ambayo mistari yake hupanda kidogo kwenda kulia, kwa fali ya kuongezeka kwa wasikilizaji. Na orodha za wapiga mieleka wa sumo huandikwa kwa herufi zilizonenepa kama walivyonenepa wenyewe. Mchoraji wa kisasa anayezitia herufi hizi katika tangazo la benki kwa kuwa zimempendeza, amewaalika wasomaji wake kwenye mchezo wa kabuki bila kujua.

Mabango ya biashara, vichwa vya habari na ishara za njiani yalizipata herufi nyingine, ziitwazo gothiki, zenye mistari ya unene mmoja na zisizo na kipembe, zilizozuka katika enzi ya Meiji kwa kufuata mtindo wa Ulaya. Hapo pia kanji zilikubali upesi, na kana zikagoma, kwa sababu herufi iliyozaliwa na brashi, ukiinyima unene na wembamba wake, hubaki kama waya. Wachapaji wa vitabu vya katuni, ambavyo husomwa Japani na wakubwa kwa watoto, walipata suluhisho ambalo mgeni haliamini mpaka alione kwa macho yake: katika maneno ya wahusika, kanji ni za gothiki, na kana ni za sura nyingine kabisa, nene lakini yenye mwendo wa brashi, iitwayo antiku. Mamilioni ya watu huusoma mchanganyiko huo kila wiki wala hawauoni. Vitabu vya shule za msingi navyo vina sura yao, inayofuata mkono wa mwalimu. Maana mtoto akifundishwa hiragana ya «ki» au ya «sa» kwa mincho, ambamo mkwaju wa chini umeungana na wa juu, ataandika hivyo hivyo, ilhali mkononi watu wengi huitenganisha.

Risasi ilianza kupata mpinzani mwaka 1924, pale Ishii Mokichi na Morisawa Nobuo, waliokutana katika kampuni moja ya madawa, walipoomba hati ya uvumbuzi wa mtambo wa kupanga herufi kwa picha. Ulaya wazo hilo lilikuwa limewashinda watu kwa sababu herufi za Kirumi hazina upana mmoja; hawa wawili wakaona kwamba mraba wa kanji, uliokuwa mashaka ya vizazi, hapa umegeuka neema, kwa kuwa mtambo husogea hatua zilizo sawa daima. Baadaye waliachana, Ishii akabaki na kampuni ya Shaken mjini Tokyo, na Morisawa akasimamisha kampuni yake Osaka mwaka 1948. Ishii alizichora herufi kwa mkono wake. Kamusi kubwa ya kanji ya Morohashi Tetsuji ilikuwa imepoteza herufi zake zote za risasi kwa moto wa mabomu mwaka 1945, na ni Ishii, mtu wa umri mkubwa mwenye afya dhaifu, aliyekubali kuzichora upya, karibu 50,000, kwa muda wa miaka minane. Majalada yakatoka baina ya mwaka 1955 na 1960.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, nami nitayapitia kwa haraka. Mwaka 1989 Ryumin ya Morisawa ilikuwa miongoni mwa fonti mbili za kwanza za Kijapani za mfumo wa PostScript kutiwa katika printa za kompyuta; Shaken ilikataa kuziuza herufi zake nje ya mitambo yake, ikapungukiwa na wateja mwaka hata mwaka; na wachoraji watatu waliotoka kwake, Suzuki Tsutomu, Torinoumi Osamu na Katada Keiichi, wakachora Hiragino, iliyotoka mwaka 1993 na ambayo Apple iliitia katika kompyuta zake. Mwaka 2024 herufi za Ishii zilianza kutolewa kwa kompyuta, kwa mkono wa Morisawa.

Anayekwenda leo kununua Ryumin kwa ajili ya kitabu cha riwaya ataziona kanji zile zile zikiuzwa pamoja na kana za aina tatu, kubwa, ndogo na za kale, na wako wauzaji wenye fonti za kana tupu, zisizo na kanji hata moja, ambazo mpangaji huzioanisha na kanji za kampuni nyingine. Wapangaji wa vitabu wenye makini huchapa kurasa mbili tatu za matini yenyewe, kwa mistari ya kusimama na kwa kimo kile kile kitakachotumika, mara kwa kana hizi, mara kwa kana zile, wakazisoma mpaka mwisho kabla ya kuamua. Na kanji wanaziacha zilivyo.